Barua kwa mwanangu: kwa nini ofisa anakatiwa muda

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza: ikiwa ofisa na kuruta wa makomandoo wa majini wa Uingereza wanasota kambi moja ya Lympstone, na wote wanatafuta bereti ileile ya kijani, mbona ofisa anakatiwa muda kwenye majaribio? Si majivuno tu hayo? Halafu unataka kujua kama miezi hii kabla ya usaili uitumie kukimbia tu.

Kukimbia, kimbia. Ila jibu la swali la kwanza ndilo litakalokuambia ufanye nini zaidi ya kukimbia.

Yatazame majaribio yenyewe. Kuna njia ya ustahimilivu ya Woodbury Common: maili 2 za mahandaki, madimbwi na matope, kisha maili 4 za kukimbia kurudi kambini, kisha shabaha, risasi 10 upate 6. Kuruta anapewa dakika 73, ofisa 71. Vikwazo vya kamba na kuta wanavyoviita Tarzan, kuruta dakika 13, ofisa 12. Mwendo wa kasi wa maili 9 ni dakika 90 kwa wote, maana pale kikosi kinakwenda pamoja. Mwisho ni maili 30 kuvuka Dartmoor: kuruta saa 8, ofisa saa 7.

Hizo dakika moja mbili zisikusumbue. Penye neno ni Dartmoor. Kuruta anamfuata mkufunzi. Maofisa wanajitafutia njia wenyewe. Kilomita 48 kwa saa 7 ni karibu kilomita 7 kila saa, kupanda na kushuka, mzigo mgongoni na bunduki mkononi. Mkisimama dakika tano kubishana juu ya ramani, dakika hizo mtazilipa kwa magoti. Kwa hiyo kinachopimwa si mapafu peke yake. Wanataka kuona akili yako inabaki kiasi gani mwili ukishamalizika, kwa sababu baada ya hapo utakabidhiwa watu wapatao 30, nao watakwenda unakoelekeza wewe hata kama umepotea.

Basi anza na dira. Dartmoor ni nyika ya juu yenye majani ya vishungu, tope jeusi na vilima vilivyovikwa mawe kichwani. Ukungu ukishuka, kila kilima ni pacha wa mwenzake. Ukikosea nyuzi 5 tu, baada ya kilomita moja uko mita 87 pembeni, na kwenye ukungu hizo zinatosha kukupitisha kando ya kilima ulichokuwa unakitafuta bila kukiona. Kosa la kawaida ni la kijinga: mtu anasoma dira huku bunduki imening'inia kifuani. Chuma kinavuta sindano, yeye anailaumu ramani. Sukuma bunduki mgongoni kwanza, ndipo usome.

Pima hatua zako pia. Tafuta mita 100 za tambarare, hesabu kila mguu wa kushoto unapokanyaga. Watu wengi hupata sitini na kitu. Rudia ukiwa na mzigo, rudia mlimani, rudia usiku. Namba itapanda kila mara, na usipoijua, utaamini umefika kabla hujafika. Kama unatafuta mahali vijito viwili vinapokutana, usilenge pale pale. Lenga kushoto kidogo kwa makusudi, ili ukikuta maji ujue ni kulia tu. Anayelenga katikati akikuta maji hana la kusema, hajui ageukie wapi.

Tarzan sina mengi. Kamba hupandwa kwa miguu: inapita juu ya buti moja, buti la pili linaibana, unasimama. Wenye vifua vikubwa huivuta kwa mikono wakakwama katikati.

Woodbury kuna handaki fupi lililojaa maji mpaka juu, halina hewa ndani. Linahitaji watu watatu: mmoja anakusukuma, wewe unanyoosha mikono mbele na kukaza mwili kama gogo, wa tatu anakuvuta upande wa pili. Anayeanza kupiga miguu hujikwamisha mwenyewe. Na ujue kwamba baada ya tope hilo bunduki ileile ndiyo utakayoipigia shabaha. Ukiiburuza mdomo chini, zile 6 utazisikia kwa wenzako.

Linalowashinda vijana wengi porini ni nguo. Unakuwa na jozi mbili: ya mvua na ya kulalia. Usiku unavua iliyolowa, unakausha miguu, unapaka poda, unavaa kavu, unalala. Alfajiri, na hapa ndipo roho inapogoma, unavua ile kavu, unaifunga kwenye mfuko usiopitisha maji, na kuirudia iliyolowa na baridi yake yote. Anayejionea huruma asubuhi moja hana kikavu usiku unaofuata, na kesho yake anatetemeka hata kalamu haishiki. Ofisa hukagua miguu ya watu wake kwanza, ya kwake mwisho.

Halafu muda wa kupanga. Ukipewa amri saa 10 jioni ya kushambulia saa 10 alfajiri, una saa 12, lakini zako ni 4 tu. Theluthi moja ya kamanda, theluthi mbili za walio chini yake. Saa 2 usiku uwe umeshawapa makoplo amri. Ofisa mgeni hukaa mpaka saa 5 anapamba mchoro wake wa ardhi kwa mchanga, vijiti na nyuzi, unapendeza kweli, na askari wanaondoka hawajala, betri za redio hazijabadilishwa.

Makomandoo hao, kwa taarifa yako, ndio jeshi lililoshuka kwa helikopta kutoka HMS Centaur kwenye kambi ya Colito, Dar es Salaam, tarehe 25 Januari 1964, Nyerere alipoomba msaada baada ya maasi ya jeshi. Wazee wa mjini wanalikumbuka lile.

Ukipata tarehe ya usaili niandikie siku hiyo hiyo. Buti usinunue jipya wiki ya mwisho. Na kucha za miguu zikate mraba siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia.

Baba yako