Karatasi nzima za stempu za zamani: kabla hujashika mkasi soma hapa

Mkuu swali lako nimeliona tangu juzi nikasema nikitulia nitakujibu kwa kirefu, maana hilo swali lako ndo lilikuwa langu miaka kama tisa iliyopita. Umesema mjomba wako marehemu alikuwa posta, kaacha boksi la stempu ambazo hazijatumika, karatasi nzima nzima, kuna za samaki za Tanzania, kuna za makombe ya bahari za Kenya, na chache za Zanzibar zenye sura ya sultani zimegongwa juu yake JAMHURI 1964, baadhi zimegandana, na unataka kujua mtandaoni unauzaje na kwa bei gani, kuna mtu kakwambia umeukata. Hujaukata. Ila pia usije ukamuuzia mtu boksi zima kwa elfu hamsini kisa ana haraka, mimi kuna jamaa alinipa hiyo ofa sebuleni kwangu huku kashika noti mkononi na karibu nimkubalie.

Mzee wangu alikuwa karani wa posta hapa Tanga enzi za lile shirika la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika 1977. Toleo jipya likija ananunua karatasi moja kwa bei ya dirishani, ya senti tano stempu mia kwa karatasi ni shilingi tano, basi anaiweka kwenye bati la biskuti juu ya kabati. Hakuwa mkusanyaji kusema ana albamu, alikuwa anaweka tu. Alipofariki mama akawa anataka lile bati aweke unga, ndo mi nikalichukua.

Nikaingia mtandaoni nikaona katalogi ya Stanley Gibbons, wale Waingereza wauza stempu wa tangu 1856, nikaona stempu moja imeandikwa bei fulani, nikazidisha mara mia, nikapata bei ya pikipiki. Ndugu yangu hesabu hiyo isikupate. Bei ya katalogi ni bei ambayo wao dukani wanakuuzia WEWE stempu moja iliyochaguliwa, na zile za bei ya chini kabisa wanakuwa wanachaji kazi ya kuitafuta na kuiweka kwenye bahasha, sio stempu yenyewe. Halafu fikiria upande wa mnunuzi, anakusanya samaki wa Tanzania, anataka moja, akizidi sana anataka pande la nne nne, yaani stempu nne zilizoshikana. Mia anazipeleka wapi? Kwa hiyo karatasi nzima mara nyingi ni bei ya jumla, na anayeinunua mara nyingi ni mtu anayeenda kuuza na yeye. Karatasi yangu ya kwanza ilienda pauni kumi na mbili, nilikuwa naiona ya laki tatu.

Ukitaka bei ya kweli nenda eBay, tafuta stempu yako, kisha weka ile chujio ya vilivyouzwa tayari. Vilivyowekwa sokoni havikusaidii, mtu anaweza kuandika dola elfu tano kwa stempu ya twiga na ikakaa hapo mpaka mjukuu wake aoe.

Sasa kosa lenyewe, ambalo mpaka leo likinijia usiku nageuka upande wa pili. Baada ya kugundua watu wanataka nne nne nikakaa mezani na mkasi. Nikachukua karatasi ya samaki, toleo la 1967 lile, nikakata ukingo mweupe wote pande nne ili zikae vizuri kwenye bahasha, ukingo nikatupa, nikafanya hivyo karatasi sita. Nikaweka sokoni. Baada ya wiki mzee mmoja wa Uingereza akaniandikia kwa adabu kabisa, ananiuliza kama ninayo pande la pembeni lenye namba za silinda. Nikamuuliza namba gani? Akanitumia picha. Mkuu, hebu chukua hiyo ya kwako sasa hivi uangalie ukingo, utaona vinambari vidogo sana, kimoja kwa kila silinda ya kuchapia rangi, na vidoa vya rangi vimejipanga kama taa za barabarani. Mi nilidhani uchafu wa kiwandani. Kumbe kuna watu wanakusanya hivyo, pande lenye zile namba wanalilipa vizuri kuliko lile la katikati, na kwenye karatasi nzima pande lenye namba ni moja, mbili basi. Mimi yangu yalikuwa yameshaenda na gari la taka.

Kwa hiyo ukingo usiguse. Ukiamua kugawa, gawa kwa kukunja kwenye vitundu mbele nyuma mara kadhaa halafu unatenganisha taratibu kwa mkono, pande la pembe na la namba unaweka kando, na karatasi moja ya kila aina unaiacha nzima, kwa sababu kuna kosa la uchapaji ambalo linajulikana tu kwa kuhesabu ni stempu ya ngapi kutoka kushoto mstari wa ngapi. Ukishakata hiyo habari imekufa.

Hayo makombe ya Kenya usiyauze kwa fungu kabla hujasoma maandishi yaliyoandikwa chini ya picha, chukua kioo cha kukuzia au simu uvute. Toleo lilitoka 1971. Ya senti 70 mwanzoni jina la kisayansi walikosea wakaandika Nautilus pompileus, wakaja kurekebisha 1974 ikawa pompilius. Ya senti 50 nayo ilikuwa Janthina globosa ikabadilishwa Janthina janthina. Kwa jicho la kawaida stempu ni ileile, kwa mkusanyaji ni stempu mbili tofauti na anazihitaji zote, ukiandika kwenye tangazo umezitenganisha anajua anaongea na mtu anayeelewa. Mi nilikuwa nauza zote kama moja mpaka Mjerumani mmoja akanunua nane kwa mpigo, sasa najua kwa nini alinunua nane.

Kama ndani ya boksi zimo za zamani zaidi, zile za Kenya Uganda Tanganyika zenye Mfalme George wa Sita, za 1938 mpaka 1954, hapo inabidi uhesabu vitundu. Kipimo ni idadi ya vitundu ndani ya sentimita mbili, rula ya shule inatosha kuanzia. Stempu ya pauni moja ya toleo hilo yenye vitundu vya aina moja na ile ya aina nyingine bei zinapishana mbali mno, na picha ni ileile, rangi ileile.

Tuje kwenye gundi, maana hapa ndo sisi wa pwani tunaumia. Mnunuzi wa stempu isiyotumika ananunua mgongo kuliko uso. Utaona kwenye matangazo wanaandika MNH, maana yake haijatumika na haijawahi kubandikwa kile kikaratasi cha kushikizia kwenye albamu, gundi iko kama ilivyotoka posta. Sasa bati limekaa Tanga miaka arobaini, joto, chumvi, masika, unategemea nini? Za vipepeo za 1973 nilikuta karatasi tatu zimeshikana zimekuwa kama kadibodi moja. Mimi kwa ujuaji wangu nikachemsha birika nikazishikia kwenye mvuke. Zikaachana kweli, zikaachana na gundi imebaki upande mmoja imejikunja kama maziwa yaliyokatika, kipepeo mmoja kachanika bawa, nyingine zimejiviringa kama chapati. Karatasi tatu zote nikaja kuuza kama zimeharibika, hela ya vocha.

Na madoa ya kahawia yale kama kutu hayatoki, usijaribu klorini, usijaribu limau. Na tafadhali usiende steshenari kulaminisha, nimeshaona mtu kalaminisha karatasi nzima eti ziwe salama, zimekuwa salama kweli, hakuna atakayezinunua milele. Zitoe kwenye bati, weka karatasi nyembamba ya kung'aa katikati ya kila moja (mi nilianza na ile ya kuokea keki kabla sijaagiza zenyewe), zisimame wima kama vitabu, usirundike kitu kizito juu, na vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya usitupe, tia humo.

Kuuza kwenyewe. Nilianza eBay, baadaye nikahamia zaidi Delcampe, lile soko la Wabelgiji, kwa sababu pale wengi ni wakusanyaji wenyewe, huelezei stempu ni nini. Akaunti mpya hakuna anayekuamini, hata mimi nisingekuamini, kwa hiyo anza na vitu vya pauni mbili tatu, upate maoni mazuri kumi na tano hivi, ndo uweke vya maana. Malipo ndo yalinitesa, maana wakati naanza PayPal ya Bongo ilikuwa inakubali kulipa tu, kupokea hapana. Nikatumia akaunti ya shemeji yangu aliyeko Mombasa, Kenya wao wanapokea na wanaweza kuitoa kwa M-Pesa, tukawa tunagawana. Ila kama utatumia ndugu andikianeni, mi na shemeji tuliwahi kununiana miezi miwili kwa ajili ya dola kumi na nane.

Picha piga mchana karibu na dirisha, bila flashi, mbele NA NYUMA. Karatasi nzima haingii kwenye skana ya kawaida, skani nusu nusu. Kwa nyuma inamisha kidogo mwanga upite pembeni ndo gundi inaonekana kama inang'aa sawasawa au ina alama za vidole. Na kasoro andika yote. Doa kwenye stempu ya tatu mstari wa pili, andika. Ukificha atafungua bahasha ataona, anarudisha, hela ya posta inakula kwako, na dunia ya hawa watu ni ndogo kuliko mtaa wa kwenu. Yule mzee wa namba za silinda mpaka leo ananunua kwangu, kwa sababu nilimwambia ukweli kwamba ukingo nimetupa. Alinijibu kwa neno moja tu, "ouch".

Kutuma: usikunje, usiviringishe. Kata vipande viwili vya boksi gumu vikubwa kuzidi karatasi, stempu ndani ya plastiki iliyofungwa kwa sababu ya mvua, weka katikati, bandika pembe boksi na boksi, sio boksi na stempu. Kama ni kubwa mno kabisa ikunje mara moja kwenye mstari wa vitundu na umwambie mnunuzi kabla. Tuma rejista, upate ile namba inayoishia na TZ, piga picha risiti umtumie siku hiyohiyo. Niliwahi kutuma kawaida nikaokoa elfu kadhaa, mzigo haukufika, nikarudisha pauni thelathini na tano kutoka mfukoni. Afisa aliyenipokea nikienda kuulizia alinishauri nisali.

Zile zenye Mickey Mouse na waimbaji wa Marekani zimeandikwa Tanzania, za mwishoni mwa miaka ya 80 na 90, kama zimo basi usipoteze bando. Zilitengenezwa nyingi mno kwa ajili ya soko la nje. Wape watoto.

Hizo za Zanzibar ndo nimeziacha mwisho makusudi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 akiba ya stempu za sultani ilikuwepo, wakazigonga neno Jamhuri kwa muhuri wa mkono hapohapo Unguja, baadaye ndo zikaja za kuchapwa mashineni. Muhuri wa mkono maana yake hakuna mbili zinazofanana, moja imeinama, moja imepanda juu, moja imegongwa kichwa chini, na ndo maana karatasi nzima ya hizo ina thamani yake kama ilivyo, inaonyesha mkono wa aliyegonga ulivyotembea. Lakini pia ndo maana feki ni nyingi, muhuri wa mpira mtu yeyote anachonga. Wanunuzi wake nao ni tofauti, nimeshauza kipande kimoja kwa mtu wa Muscat, Oman, ambaye familia yake ilitoka Unguja mwaka uleule, hakubishana bei hata kidogo, alichouliza ni nilizipata kwa nani. Mjomba wako kuwa posta ni jambo kubwa hapo, kitambulisho chake cha kazi au barua ya ajira kama ipo itunze pamoja nazo. Royal Philatelic Society ya London, chama cha wakusanya stempu, wanatoa cheti cha uhalali, sio bure, na kuna chama cha East Africa Study Circle wamejaa watu wanaojua hizi kitu kuliko sisi wenye nchi.

Kwa hiyo hizo za Zanzibar usimuuzie mtu wiki hii hata akija na noti mkononi. Nitumie inbox picha mbele na nyuma, na uniambie ni karatasi ngapi na za senti ngapi. Zilizogandana ziache zilivyo, na birika lisogeze mbali.