Maswali yenu leo: hela ya kutoa magogo porini na hela ya kuzuia maji

Haya jamani, meseji za safari hii zimekuja za aina mbili, kuna wanaouliza kama serikali inasaidia kusafirisha mbao kutoka vijijini na kuna wanaouliza nani analipia kuzuia mafuriko, sasa mi nimeamua kuziweka sehemu moja kwa sababu ukizisoma vizuri unakuta ni barabara ileile na kalavati lilelile, mmoja analilia gari limekwama na mwenzake analilia maji yameingia ndani. Majina sijayaweka kama kawaida yetu.

"Shikamoo. Nina Fuso, nabeba mbao kutoka vijiji vya Liwale kuja Nangurukuru. Nasikia serikali ina ruzuku kwa wasafirishaji wa mbao. Naipataje? Barabara inaniulia gari." (Dereva, Nangurukuru)

Marahaba kaka. Nianze na kukukatisha tamaa kidogo, ruzuku ya kumpa mwenye Fuso hela ya dizeli au ya springi hamna, na ukimsikia mtu anakwambia ipo muulize imeandikwa wapi. Kilichopo ni hela inayokwenda kwenye barabara, na hapo ndo watu wengi wanakosea mlango. Barabara kubwa ya Nangurukuru kwenda Liwale iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ila vile vinjia vya kutoka kijijini kwenda kuungana nayo ni vya TARURA, ambayo ilianza 2017 kushughulikia barabara za vijijini na mijini. Mwaka 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizihizi za TARURA, kwahiyo wewe mwenyewe kila ukijaza tangi umeshachangia, una haki kabisa ya kwenda kuuliza.

Unaendaje kuuliza? Usiende peke yako kupiga kelele kaunta. Barabara inatengenezwa ikiwa kwenye mpango, na mpango unaanzia kwenye kijiji, unapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, unafika halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, maana yake ukipeleka barua mwezi wa tano wenzako washafunga hesabu, hiyo barua inakaa. Anza mwezi wa kumi, wa kumi na moja hivi. Alafu msiandike "tunaomba barabara" basi, andikeni pale penye shida: kutoka mti fulani mpaka korongo fulani, mita ngapi, gari linakwama mwezi gani, nani wanapita hapo zaidi ya magari ya mbao. Wagonjwa wanaopita hapo wanahesabika, na korosho pia inahesabika, tena sana tu, taja korosho.

Kuhusu gari lenyewe, mkiwa kikundi cha vijana au wanawake au watu wenye ulemavu kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kukopesha vikundi, 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya wenye ulemavu. Haina riba lakini ni mkopo, unarudishwa. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Kwa maoni yangu kukopa huko kununua lori kuukuu la kubebea magogo ni kujitafutia presha, ila kikundi chenye mashine ya kuranda na kiwanda kidogo pale kijijini hapo naona sawa kabisa, kwa sababu mbao iliyorandwa inachukua nafasi ndogo kwenye gari na bei yake ni nyingine.

"Sisi kijiji chetu kina msitu wetu, tunauza miti kwa utaratibu. Mnunuzi analalamika njia mbovu anataka tushushe bei. Je hela ya msitu tunaruhusiwa kutengenezea barabara au ni kosa?" (Katibu wa kamati ya maliasili, Liwale)

Katibu, hili ndo swali nililolipenda kuliko yote. Sio kosa. Sheria ya Misitu ya 2002 imekipa kijiji chenye msitu wake wa hifadhi mamlaka ya kuuza na kubaki na mapato yake, na kwa Lindi hii habari sio ya kwenye makaratasi tu. Kule Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi viliingia kwenye cheti cha kimataifa cha FSC, kile kinachoonyesha mbao zimevunwa bila kuharibu msitu, mwaka 2009 kupitia MCDI, lile shirika la mpingo la Kilwa Masoko, na Nanjirinji wamepiga hela ya mbao mpaka kila mtu anawataja wao. Huko kwenu Liwale mna msitu wa Angai, hekta zaidi ya 130,000, sa mtu mwenye mali hiyo anashushaje bei kwa sababu ya tope?

Sasa fanyeni hivi. Hela itengwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, sio kwenye kikao cha watu watano chini ya mwembe, na muhtasari uandikwe kiasi, kazi na sehemu yenyewe, watu wasaini. Kisha mtendaji apeleke kwa TARURA aombe mtaalamu aje aangalie kabla hamjakodi greda. Nasisitiza hapo kwa sababu kuna njia nimeiona imechongwa na greda la kukodi, imekaa kama korongo, ukingo wa udongo pande zote mbili na maji hayana pa kutokea, mvua ya kwanza ikageuka mto na changarawe yote ikaishia kwenye shamba la mikorosho la mtu. Greda lilifanya kazi nzuri tu, ila hakuna aliyemwambia dereva atoboe michirizi ya kutolea maji pembeni. Kutoboa michirizi ni kazi ya dakika, na ndiyo inayookoa hela yenu yote.

Lingine, mnunuzi naye abebe mzigo. Kwenye mkataba mweke kwamba magogo yanatolewa kiangazi tu, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja hivi, na akimaliza anafukia mashimo aliyoyachimba na anaondoa matawi yote kwenye makorongo. Mnunuzi akikataa hicho kipengele mjue mapema ni mtu wa namna gani. Na magogo yasiburuzwe kwa trekta kufuata mteremko moja kwa moja, ule mfuo unaobaki ndo mtaro wa maji wa mwakani, na unaelekea kwa watu.

"Kuna kijana amepita kijijini anasema ni wakala wa ruzuku ya misitu, fomu ni elfu hamsini." (Msomaji, Nachingwea)

Tapeli huyo. Mfukuzeni, au bora mpelekeni kwa mtendaji.

"Mwanangu naomba unisaidie. Sisi tuko bonde la mto Matandu, mwaka 2020 maji yalitutoa, tukarudi, na kila masika tunakaa roho juu. Serikali ina hela ya kuzuia maji au inakuja na unga tu tukishazama?" (Mama, Kilwa)

Shikamoo mama. Pole, na swali lako ni la haki kabisa. Ile Januari 2020 wengi wanaikumbuka, watu walikufa Kilwa na maelfu wakabaki hawana makazi.

Jibu la kweli ni kwamba hela ya kuzuia ipo vipandevipande na haikai ofisi moja. Tuta kubwa la kuuzuia Matandu usitegemee kijiji kitajenga, na mi binafsi sishauri hata kijaribu, mto ule ukikasirika tuta la udongo la kuunga linapasuka usiku na linafanya mambo kuwa mabaya zaidi. Ila maji mengi yanayoingia majumbani hayatoki mtoni moja kwa moja, yanatoka kwenye vijito na mitaro ya barabara iliyoziba. Hicho kinawezekana. Nenda kaangalie kalavati la karibu na kwenu saa hizi wakati pakavu, inama uchungulie ndani. Mara nyingi utakuta gogo limejikita mdomoni kama mfupa kooni, matawi yamelikamata, juu yake majani na mchanga, bomba la mita moja limebaki na upenyo wa kupita kuku. Mvua ikija maji yanapanda juu ya barabara, yanakata upande mmoja, alafu yanatafuta nyumba. Na hilo gogo limetoka wapi? Mara nyingi ni mabaki ya waliokuja kupasua mbao huko juu.

Mafungu ya kufuatilia ni haya. TASAF kupitia ajira za muda wamechimbisha mitaro na kurekebisha barabara vijiji vingi, muulize mtendaji kama kijiji chenu bado kina mradi wa namna hiyo. TARURA wana utaratibu wa kuvipa vikundi vya kijamii kazi ndogo za matengenezo kama kufyeka na kuzibua mitaro, kina mama wenyewe mnaweza kuomba hiyo kazi na mkalipwa, badala ya kusubiri mkandarasi atoke mjini. Mfuko wa jimbo upo tangu sheria ya 2009, mbunge ndo mwenyekiti wa kamati, unafaa kwa kitu kidogo kama kalavati moja kijiji kikishachangia mawe na mchanga. Na Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, makao yake Mtwara, hao ndo wenye mito, waandikieni kuhusu kingo zinazoliwa na watu wanaolima mpaka kwenye maji.

Kuhusu unga mama, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji na kazi yake sio kugawa unga peke yake, kujiandaa pia ni kazi yake. Kwenye mkutano mkuu unaokuja simama uulize kamati yetu ni nani na nani, na mwezi wa kumi watakuwa wamefanya nini. Uulize kwa sauti, na iingie kwenye muhtasari. Na kama kuna sehemu ya juu mliyowahi kuonyeshwa kuhamia, nakuomba usiidharau.

"Shemeji yangu yuko Glasgow anasema Scotland serikali inalipia usafirishaji wa magogo vijijini na mafuriko pia. Kwanini sisi hatuigi?" (Msomaji, Mtwara mjini)

Shemeji hajadanganya ila kafupisha. Kule kuna mfuko unaitwa Strategic Timber Transport, ulianza 2005, na hela yake kubwa inakwenda kuimarisha barabara za vijijini ambazo hazikujengwa kubeba malori mazito ya magogo. Dereva hapewi kitu mkononi, kwahiyo hata Scotland huyu kaka yetu wa Fuso angeambiwa hivihivi. Kitu kilichonivutia zaidi ni meli, mwaka 2000 ulianza mpango unaitwa TimberLink wa kupakia magogo kwenye bandari ndogo za Argyll na kuyashusha Ayrshire, kote hukohuko Scotland, ili malori yasipite kwenye vibarabara vyembamba. Kwenye mafuriko, halmashauri ikiwa na mradi mkubwa uliokubaliwa, serikali imekuwa ikilipa mpaka asilimia 80 na halmashauri inatafuta 20.

Kuiga meli kwetu naona ngumu, bahari tunayo na Kilwa Masoko gati lipo, ila mbao zetu zinatoka bara ndani kule, mpaka zifike gatini barabara ishalia. Ile ya 80 kwa 20 ndo ningeitamani, kwa sababu halmashauri ingejua mapema sehemu yake ni ipi badala ya kila mtu kumsubiri mwenzake.

"Mzigo una TP na nyundo, barabara ikikatika njiani na siku za TP zinaisha nafanyaje?" (Mfanyabiashara, Masasi)

Kwa wasiojua, TP ni kibali cha kusafirisha mazao ya misitu na nyundo ni alama inayogongwa kwenye gogo. Hili liliwatesa watu Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya kwenda Dar ikakatika maeneo ya Somanga. Usikae na gari ukisubiri TP ife. Nenda ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, iliyo karibu kabla ya siku kuisha, na picha ya barabara ilipokatika ukiweza, waandike kwamba umeripoti. Na usishawishike kuchepuka njia za panya usiku, mzigo wa misitu ukikutwa gizani maelezo yako hayasikilizwi hata uwe na nyundo kila gogo.

"Nina shamba kando ya Lukuledi, nataka kukata mikuyu niuze mbao kisha nilime mpunga mpaka ukingoni. Kuna ruzuku?" (Kijana, Mtama)

Ndugu yangu, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, kwahiyo unaniuliza ruzuku ya kuvunjia sheria. Mikuyu iache, mbao yake yenyewe hamna anayeigombania, na mizizi yake ndo imeshika hilo shamba lako. Ila ukitaka kupanda miti na mianzi ukingoni hapo mlango upo, Mfuko wa Misitu Tanzania unatoa ruzuku kwa watu binafsi, vikundi na taasisi, maombi yanatangazwa na fomu haiuzwi. Kaanze kwa afisa misitu wa wilaya, mwambie unataka kuandika andiko la kitalu, na uende na ukubwa wa eneo ukiwa umeshapima kwa kamba.