Mji Unapanuka, Hela Hazionekani: Maswali Yenu Kuhusu Pesa za Halmashauri

Tuliomba maswali kuhusu pesa za miji inayoota pembeni mwa majiji makubwa, yakaja mengi kweli, nimechukua yale yaliyojirudia rudia. Majina nimeacha kama mlivyoomba.

SWALI: Mhariri salaam. Naishi mji wa pembeni mwa jiji kubwa. Zamani huku palikuwa mashamba, sasa hivi ni nyumba juu ya nyumba na watu wanazidi kuhamia, lakini ukienda halmashauri kuulizia barabara au mtaro unaambiwa bajeti haitoshi. Sasa watu wote hawa kodi zao zinaenda wapi? Au ndo zinaliwa?

Zinaweza kuwa zinaliwa, hilo siwezi kukukatalia, na ndo maana kuna wakaguzi wa hesabu. Ila ndugu yangu hata halmashauri isiyokuwa na mwizi hata mmoja inaweza ikakwama hapo hapo ulipokwama wewe, kwa sababu nyumba ya kuishi watu inaleta gharama nyingi kuliko kodi, na duka au kiwanda au ofisi ni kinyume chake.

Chukua familia moja tu iliyohamia mtaani kwako, baba, mama na watoto wawili. Siku ya kwanza tu wanahitaji barabara ya kufika, maji, mtaro, gari la taka, na muhula ukifunguliwa wanahitaji madawati mawili na mwalimu wa kukaa mbele yake. Hayo yote yako mgongoni kwa mji wenu. Sasa hao wazazi alfajiri wanaondoka kwenda jijini, ofisi wanayofanyia kazi inalipa kodi ya jengo na leseni huko huko jijini, chakula cha mchana wanakula huko, na jioni wakipita dukani kabla ya kupanda gari ushuru wa lile duka nao unabaki huko. Nyinyi mnabakiwa na kodi ya nyumba yao peke yake, na hapo ni kama nyumba imo kwenye daftari, maana kwenye miji inayokua haraka utakuta mitaa mizima mthamini hajawahi kukanyaga.

Halafu kuna suala la muda, na hili ndo linaua miji mingi kimya kimya. Gharama inatangulia, mapato yanafuata nyuma. Barabara inatakiwa kabla nyumba haijaisha ila kodi inaanza nyumba ikishathaminiwa na bili ikishatoka na mwenye nyumba akishakubali kulipa, hapo katikati imeshapita miaka. Ruzuku ya serikali kuu nayo sehemu nyingi inagawanywa kwa idadi ya watu, na idadi yenyewe ni ya sensa, na sensa nchi nyingi ni kila baada ya miaka 10, kwa hiyo mji ulioongezeka mara mbili katikati hapo unaendelea kupewa hela ya watu wa zamani. Mji uliotulia tuli hauna shida hii. Yaani kadiri mnavyokua kwa kasi ndo pengo linavyozidi kupanuka, na diwani anayesimama jukwaani kusema wakazi wapya ni mapato mapya muulizeni yanaanza kuingia mwaka gani.

SWALI: Kama nyumba hazina faida mbona halmashauri zingine zinakimbilia kujenga mamoli tu? Kwetu eneo lililotengwa kwa ajili ya nyumba za bei nafuu limegeuzwa kuwa la maduka.

Umejibu mwenyewe dada! Aina ya kodi ambayo mji umeruhusiwa kukusanya ndo inaamua mji utafananaje. California ni mfano mzuri sana. Mwaka 1978 wapiga kura walipitisha kitu kinaitwa Proposition 13, kodi ya majengo ikafungwa kwenye asilimia 1 ya thamani, na thamani yenyewe ya kukokotolea kodi ikazuiwa isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Wenye nyumba walifurahi. Ila kodi ya mauzo ikabaki na utaratibu wake, asilimia 1 ya mauzo inarudi kwenye mji ambao mauzo yamefanyika. Matokeo yake miji jirani ikaanza kunyang'anyana mamoli na yadi za magari, mji mmoja unampa mfanyabiashara punguzo ili ahame kutoka mji wa pili, wakati wateja ni wale wale na eneo lote likijumlishwa hakuna hata senti mpya iliyoingia. Nyumba za watu wa kipato cha chini zikakosa mwenyewe, kila mji unataka jirani ndo azijenge. Na usimlaumu sana afisa mipango, ukikaa kwenye kiti chake na wewe utafanya hivyo hivyo.

SWALI: Mimi nafanya kazi jijini ila naishi nje. Nimesikia wanataka sisi tunaoingia asubuhi tulipe kodi ya jiji. Si ni kulipa mara mbili huko?

Inategemea na kodi ya nyumbani kwako ikoje. Jiji nalo lina hoja, unakanyaga barabara zake siku nzima, ukianguka ni gari lake la wagonjwa linakuja, ukishusha taka ni ndoo yake. Philadelphia walilipitisha hili mwaka 1939 na makato yakaanza 1940, mshahara unakatwa hata kama unaishi nje ya jiji, kwa kiwango cha chini kidogo kuliko wakazi. New York walikuwa nayo tangu 1966, asilimia 0.45 tu ya mshahara mwishoni, mwaka 1999 bunge la jimbo lote la New York likaifuta. Na tazama hapo, jiji halikufuta lenyewe, walioifuta ni wabunge wa jimbo, na wanaoishi nje nao wana kura za kuwachagua wabunge hao.

Sweden wamegeuza kabisa, kodi kubwa ya mapato ni ya manispaa na mkoa, kwa wastani kama asilimia 32 ya mapato ya mtu, na unailipa unapoishi. Huko mji wa kulala, yaani ule ambao watu wanalala tu na kazi wanafanya kwingine, ukiwa na watu wa mishahara minono ndo tajiri, na serikali ikabidi iweke mfumo wa kusawazisha, wenye nacho wanachangia wasio nacho, na kila mwaka wenye nacho wanalalamika.

SWALI: Kwa nini wasiunganishe tu jiji na miji yote ya pembeni iwe halmashauri moja, tuachane na mipaka hii?

Hili limeulizwa na wengi kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Kwenye kuunganisha mfano wenye uzito kwangu ni Johannesburg. Wakati wa ubaguzi wa rangi watu wa Soweto walifanya kazi Johannesburg na kununua vitu Johannesburg, kodi za hayo maduka na viwanda zikaenda kwenye halmashauri ya wazungu, halafu Soweto ikaambiwa ijitegemee kwa kodi za pango na ada za huduma za watu maskini. Kuanzia 1986 watu wakagoma kulipa pango, na moja ya madai yakawa jiji moja, mfuko mmoja wa kodi. Baada ya 1994 ikaanza kutekelezwa na utamu wake ulipoanza kugawanywa upande wa pili ukagoma, mwaka 1996 wenye mali wa Sandton, eneo la matajiri kule kule Johannesburg, walipandishiwa viwango ili hela iende kwenye maeneo maskini, wakakataa kulipa, kesi ikafika mpaka Mahakama ya Katiba na mwaka 1998 walalamikaji hawakushinda. Desemba 2000 ikawa manispaa moja. Kwa hiyo inawezekana, ila msifikirie kwamba ni mambo ya kubadilisha bango la ofisi. Na hata baada ya kuunganisha tofauti ya mitaa haijaondoka, hela inayokaa kwenye mfuko mmoja bado inagombaniwa, tofauti ni kwamba sasa inagombaniwa ndani ya baraza moja.

Kuna njia ya katikati ambayo naipenda zaidi na nashangaa haisemwi. Jimbo la Minnesota mwaka 1971 lilipitisha sheria kwa eneo lote la Minneapolis na Saint Paul, wilaya 7, kila mji ukabaki na meya wake na mipaka yake, ila asilimia 40 ya ongezeko la thamani ya majengo ya biashara na viwanda kuanzia mwaka huo inawekwa kwenye kapu la pamoja. Kapu linagawanywa kwa kuangalia watu wangapi na thamani ya majengo kwa kichwa, mji uliopo chini ya wastani unapata zaidi. Walioona watapoteza walikimbilia mahakamani, ikachelewa, ila ikaanza kufanya kazi kwenye kodi za 1975 na mpaka leo ipo. Mwaka 1992 Bloomington, mmoja wa miji ya eneo hilo, wakafungua Mall of America, moli kubwa kweli kweli, na sehemu ya thamani yake inakwenda kwa miji ambayo haina hata duka moja la maana. Werevu wake ni kwamba walichukua kwenye ongezeko tu. Ukimwambia mtu toa ulichonacho atakupiga mawe, ukimwambia tutagawana kitakachokuja na hajui kitatua kwa nani, anaweza akakusikiliza.

SWALI: Halmashauri yetu kila kona ni faini. Ni halali hii?

Faini ya kosa ni halali. Faini ikishaandikwa kwenye bajeti kama chanzo cha mapato chenye lengo la kufikiwa hapo kuna walakini. Ferguson, kimji kidogo pembeni ya St. Louis, mwaka 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti ikaonyesha polisi na mahakama ya mji walikuwa wanaendeshwa kwa kufukuzia mapato kuliko usalama wa watu, na waliobeba mzigo zaidi ni watu weusi maskini. Eneo lile lina vijimji chungu nzima vidogo vidogo visivyo na biashara ya kutosha kujilisha, ndo vikaangukia kwa madereva. Mwaka huo huo bunge la jimbo likashusha kiwango cha bajeti kinachoruhusiwa kutokana na faini za barabarani. Fungueni kitabu cha bajeti mtafute huo mstari.

SWALI: Baraza limepitisha kuuza viwanja na kukopa ili kujenga uwanja wa michezo na soko la kisasa. Wanasema mji utajilipa wenyewe ukikua. Tuamini?

Kukopa siyo dhambi mzee wangu. Bomba la maji litatumika miaka 40, kwa nini walipie wa leo peke yao? Shida ni kukopa kwa kutegemea ukuaji ambao haujatokea. Stockton, California, ilikuwa imegeuka mji wa kulala wa watu walioshindwa bei za nyumba kule San Francisco na jirani zake, nyumba zinajengwa usiku na mchana, mji ukaona hela imefika, ukajenga ukumbi wa michezo, uwanja wa besiboli, bandari ya boti za starehe, ukaahidi wastaafu matibabu, na mwaka 2007 ukauza hati fungani, yaani ukakopa kwa wawekezaji, ili kulipia pensheni. Nyumba zilipoporomoka bei, familia zikanyang'anywa nyumba na benki, kodi zikashuka, ila tarehe ya rejesho haikushuka. Juni 2012 ukatangaza kufilisika, mji mkubwa kuliko yote Marekani kufanya hivyo mpaka hapo Detroit ilipoupita mwaka uliofuata. Wastaafu wakapoteza yale matibabu.

Kuhusu viwanja, China serikali za mitaa zilijengea majiji kwa hela ya kukodisha ardhi kwa wajenzi, ikafanya kazi miaka mingi kweli, ila kuanzia 2021 kampuni kubwa za nyumba kama Evergrande zilipokwama wanunuzi wa ardhi wakapungua na mapato yakashuka vibaya. Kiwanja unakiuza mara moja. Hela yake ikijengea mtaro sawa, ikilipa mishahara na posho mwakani utauza nini?

Kwa hiyo kwenye kikao waulizeni, na mtake majibu kwa maandishi: rejesho kwa mwaka ni kiasi gani ukilinganisha na mapato ya ndani ya mwaka jana (siyo makadirio ya mwakani, ya mwaka jana yaliyokaguliwa), soko likikosa wapangaji nani analipa, na gharama ya kuuendesha huo uwanja, umeme, walinzi, nyasi, iko mstari gani kwenye bajeti. Hilo la mwisho mara nyingi halipo kabisa.