Oscar 4 za Hepburn na fundi wa Liemba

Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza: "Je, tuzo ni kipimo sahihi cha ukubwa wa mwigizaji?" Juu yake mmeweka picha ya Katharine Hepburn, mkatukumbusha kwamba ana Oscar 4 za mwigizaji bora wa kike na hakuna aliyemfikia. Nilitaka kupita tu. Lakini mimi ni mtu wa Kigoma, na mtu wa Kigoma wa umri wangu akitajiwa Hepburn hawezi kunyamaza. Mnivumilie.

Jibu la haraka ni hapana. Oscar zake ni za filamu za 1933, 1967, 1968 na 1981. Kati ya ya kwanza na ya pili pana miaka 34, na humo ndimo zilimo kazi nyingi anazokumbukwa nazo. Yeye mwenyewe hakwenda kupokea hata moja. Alionekana kwenye sherehe ile mara moja tu, 1974, tena alikuja kumkabidhi mtayarishaji Lawrence Weingarten tuzo ya kwake. Mwenye tuzo hazijali, sisi tunamhesabia za nini?

Halafu mmesahau jukwaa. Huyu mama alitokea jukwaani kabla ya sinema, na mambo yalipomwendea mrama alirudi hukohuko. Tena jukwaa halikumbembeleza. Mwaka uleule wa Oscar ya kwanza aliigiza Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mchezo wa The Lake, akachekwa; inasemekana mwandishi Dorothy Parker alisema kwamba hisia zake zinaanzia A na kuishia B. Kufika 1938 wenye majumba ya sinema wa Marekani walikuwa wamemtia kwenye orodha ya waigizaji walio sumu kwa biashara ya tiketi. Mwingine angerudi kwao Connecticut akatulia. Yeye 1939 akapanda tena Broadway na The Philadelphia Story, mchezo ambao Philip Barry aliuandika akimfikiria yeye, na kwa msaada wa tajiri Howard Hughes akawa ameshikilia haki za filamu yake. Studio ilipoutaka mchezo ikabidi imchukue na mwenye nao. Filamu ikatoka 1940, ikapendwa, na Oscar akapewa James Stewart aliyecheza naye. Hilo la Stewart mliweke akilini.

Sasa tuje nyumbani. Baba mkubwa wangu alikuwa fundi wa mitambo katika Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Miaka ya tisini binamu yetu alileta kutoka Dar mkanda wa video wa The African Queen, ile ya 1951 ambayo Hepburn ni dada wa mmisionari na Humphrey Bogart ni mlevi mwenye boti la mvuke. Hadithi ni ya 1914, Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, yaani kwetu kabisa, ingawa filamu ilipigwa Congo ya Wabelgiji, Uganda na studio za London. Tulikodi deki, umeme siku hiyo ukatuhurumia, sebule ikajaa mpaka watoto wa jirani. Mimi nikapewa kazi ya kutafsiri.

Hatukufika mbali. Filamu inaanzia kanisani: Hepburn anapiga kinanda, kaka yake anaongoza wimbo, na waumini wanatoa kelele zisizo na mbele wala nyuma. Baba mkubwa, mwimbaji wa besi tangu ujana wake, akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Akaniambia tena. "Hawa wameambiwa waimbe vibaya," akasema. "Hakuna kwaya ya ziwa hili inayoimba hivi, hata siku ya kwanza ya mazoezi." Akatuonyesha jinsi wimbo unavyotakiwa kuingia, sauti moja moja, akawashirikisha na watoto wa jirani. Mkanda ulisimama pale muda mrefu, mama mkubwa akapitisha chai.

Tulipoendelea, akatulia. Bogart alipoupiga teke mtambo wa boti lake ili usilipuke, kwa sababu bisibisi ilidondokea ndani na yeye hajapata nafasi, au hamu, ya kuitoa, baba mkubwa alicheka mpaka akakohoa. "Huyu ni fundi. Huyu namjua." Shafti ilipopinda na Hepburn akashikilia kwamba itengenezwe palepale kando ya mto kwa moto wa kuni, nilitegemea abishe. Hakubisha. Alisogeza kiti. Bogart anasema haiwezekani, yule mama anamuuliza kwa nini, Bogart anaeleza, mama anauliza tena. Mwishowe shafti inatengenezwa. Baba mkubwa akasema: "Mama huyu mashine haijui, lakini fundi anajua kumwamrisha."

Balaa likaja mwisho. Meli ya Wajerumani, Louisa, ambayo kila mtu kwetu anaijua kwamba ndiyo Liemba iliyovishwa jina lingine, inalipuka na kuzama. Baba mkubwa akasimama. Uongo! Ile meli Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, wakiwa wameipaka mitambo grisi ili isioze, Waingereza wakaja kuiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. "Ingekuwa imelipuliwa, mimi nimekula mshahara wa nani?" Hakuna aliyeweza kumjibu.

Nimekaa na kinyongo na filamu ile kwa miaka, na nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kumaliza hapo: kwamba hata angepewa Oscar 10, mtu aliyeigiza mbele ya kwaya iliyoagizwa kuharibu wimbo hanihusu. Lakini kuna jambo lililonirudisha nyuma. Hepburn alisimulia baadaye kwamba katika tukio lile la kanisani alikuwa hoi kwa kuhara na kutapika. Alikuwa anakunywa maji, huku Bogart na mwongozaji John Huston wakishikamana na wiski yao wakabaki wazima. Karibu na kinanda, nje ya jicho la kamera, paliwekwa ndoo. Sisi pale sebuleni tuliirudisha sehemu ile mara sijui ngapi, tukamkodolea macho, na hatukushuku kitu. Tuliona mama wa misheni anayetoka jasho na kukanyaga kinanda kwa imani. Huston alikuwa amemshauri aigize kama Eleanor Roosevelt, mke wa aliyekuwa Rais wa Marekani, anavyowatembelea askari majeruhi hospitalini, kidevu juu na tabasamu usoni, na ndivyo alivyofanya.

Na kwa filamu hiyo Oscar akapata nani? Bogart. Ni yaleyale ya Stewart. Mara mbili mwanamke anabeba filamu, mara mbili mwanamume aliye pembeni yake ndiye anayeondoka na sanamu.

Naona ninavyojisokota. Kama tuzo si kipimo, hasira hii ya nini? Basi niseme ninavyoona: tuzo si kipimo, ila ile ya filamu za 1951 ilikuwa yake. Nasema hivyo nikijua kwamba alishindwa na Vivien Leigh, ambaye naye filamu yake nimeiona na siwezi kuapa kwamba hakustahili. Tena nampigia Hepburn kura huku nusu ya kazi yake, ile ya jukwaani, sikuiona wala sitaiona. Alifariki 2003 akiwa na miaka 96, na mchezo wa jukwaani haurudishwi kwa deki. Na wale waumini wa kanisani, waliokubali kuimba ovyo mbele ya kamera, nao walikuwa wanaigiza. Kama kuna wiki mtauliza tuzo zipi zilisahaulika, nitawaandikia tena.

Mkilazimika kupunguza barua hii kwa ajili ya nafasi, kateni habari za Broadway. Ya Liemba muiache.

Msomaji wenu, Kigoma