Kabla ya kutafuta fonti mpya, jifunze nafasi

Vijana wanaonijia hapa Mtwara wakitaka kufundishwa kupanga kurasa huanza na swali lilelile: nitumie programu gani? Wengine huja na flashi imejaa fonti walizopakua. Jibu langu halibadiliki. Hizo fonti weka pembeni. Chukua moja iliyomo kwenye kompyuta yako, na miezi ya mwanzo ujifunze nafasi tu: kati ya mstari na mstari, kati ya aya na aya, na pambizo za ukurasa. Anayeijua nafasi hutoa kazi safi hata kwa Microsoft Word. Asiyeijua, hata umpe programu ya kulipia kama InDesign, karatasi ataichafua.

Anza na urefu wa mstari, maana hapo ndipo nyaraka zetu nyingi huharibikia. Jicho husoma kwa raha mstari wa herufi 45 hadi 75, ukihesabu na nafasi za katikati. Sasa tazama A4, ambayo upana wake ni milimita 210. Ukiacha pambizo za sentimita 2.54 kila upande kama wengi wafanyavyo, unabaki na mstari wa sentimita 16 hivi, na Times New Roman ya pointi 12 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi na nafasi) huingiza humo herufi zaidi ya 80. Fonti hiyo ilichorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, lililoanza kuitumia mwaka 1932. Safu za gazeti ni nyembamba, kwa hiyo herufi zake zilibanwa makusudi ili ziingie nyingi. Ukiitandaza kwenye A4 nzima, msomaji akifika mwisho wa mstari hupotea akirudi kuutafuta unaofuata. Pambizo za kushoto na kulia zifikishe sentimita 4, kutoka mstari hadi mstari pawe pointi 16, uone barua ileile inavyosomeka.

Kiswahili nacho kina mambo yake, na mafunzo yaliyoandikwa kwa Kiingereza hayatakuambia. Maneno yetu ni marefu. “Watakaohudhuria” lina herufi 15, “yatakayozungumzwa” 17. Ukiyatia kwenye safu nyembamba ya kipeperushi kisha ukanyoosha pande zote mbili, mstari unabaki na maneno mawili yaliyotupana mbali, na matundu meupe yanateremka ukurasa mzima. Nyoosha kushoto tu, kulia acha pawe na vipembe. Ikibidi kukata neno, kata kwenye silabi: hu-dhuria. Programu iliyowekewa Kiingereza inaweza kukukatia hud-huria, kwa hiyo pitia mwenyewe mstari kwa mstari. Ng’ pia isitenganishwe.

Matangazo ya ukutani yana sheria nyingine. Msimu wa korosho ukianza, mbao za AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, hujaa karatasi, na watu husoma wamesimama, juani, wakichungulia mabegani mwa wenzao. Wanataka kujua mkutano ni wa nini, lini na wapi. Hayo matatu ndiyo yawe makubwa, kwa herufi nzito. Ajenda ziwe ndogo chini, kwa herufi za kawaida. Kuandika tangazo zima kwa herufi kubwa hakusaidii, kwa sababu tarehe inafanana na kila kitu kilichoizunguka.

Mteja atabisha. Mama mmoja wa kikundi cha vikoba, cha kuweka na kukopa, aliyeleta tangazo la mkutano aliniuliza, “Mwanangu, mbona hapa umeacha peupe? Si nimelipia karatasi nzima?” Nikamprintia na lile la kujazajaza alilolitaka, nikayabandika yote mawili ukutani. “Mama, simama pale mlangoni unisomee siku ya mkutano.” Aliisoma kwenye lenye nafasi. Lile jingine ilibidi alisogelee. Usibishane na mteja kwa maneno, mwekee karatasi mbili achague.

Rangi na picha vitakuja baadaye, na programu pia. Scribus ni ya bure, inatosha kujifunzia.

Shule iliyo karibu nasi kuliko zote ni vitabu. Ndanda, wilayani Masasi, misheni ya Wabenediktini imechapa vitabu vya Kiswahili kwa miaka mingi, na nyumba nyingi huku kwetu hazikosi kimoja. Chukua kimoja na rula. Pima pambizo zote nne, ya juu na ya chini, ya ndani kwenye mshono na ya nje. Hesabu mistari, kisha hesabu herufi za mstari mmoja. Halafu uchape upya ukurasa huo kwenye kompyuta, mistari ikatike palepale, uuprinti kwa wino mweusi na uuweke kando ya kitabu. Vitazame kwa mbali huku umefinya macho. Wako ukionekana mweusi zaidi, mistari yako imebanana. Ukiwa na madoa meupe, maneno yameachana. Rekebisha, printi tena. Zikilingana, chukua ukurasa mwingine wenye jedwali au picha.