Maswali yenu kuhusu tungsteni

Globu za waya zimeshapotea madukani. Tungsteni bado ina kazi gani? (Mwanafunzi, Morogoro)

Globu, ambayo waya wake ni wa metali hii, ndiyo iliyoipa umaarufu, lakini leo zaidi ya nusu ya tungsteni yote duniani huishia kwenye kabidi. Unga wake huunganishwa na kaboni, ukachanganywa na kobalti kidogo, ukagandamizwa na kuchomwa kwenye tanuri mpaka ushikane. Itazame nchani biti ya kutobolea ukuta: kile kipande kidogo chenye rangi tofauti ndicho kabidi, mwili uliobaki ni chuma tu. Kikichomoka, biti hiyo haina kazi tena hata uinoe vipi. Gololi ya kwenye ncha ya kalamu yako nayo mara nyingi ni kabidi hiyo hiyo.

Eti mche wa dhahabu unaweza kujazwa tungsteni na mizani isigundue? (Mnunuzi, Geita)

Kweli kabisa, na matapeli hawakuichagua kwa bahati. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3, ya tungsteni 19.25. Kwa hiyo kupima ndani ya maji, mbinu inayoumbua risasi na shaba mara moja, hapa hakusaidii. Tindikali na jiwe la kupimia huona ngozi tu, na hata mashine ya eksirei ya kushika mkononi haifiki ndani.

Kinachoinasa ni sauti. Mawimbi yake hupita kwenye dhahabu kwa kasi ya kama mita 3,200 kwa sekunde, kwenye tungsteni zaidi ya 5,000, hivyo kipimo cha altrasaundi hutoa unene usiolingana na wa rula. Huna kifaa hicho? Dai mche uyeyushwe mbele ya macho yako. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za selsiasi, tungsteni 3,422, na tanuri la sonara halifiki huko; kipande kitabaki kizima ndani ya chungu. Muuzaji akianza kusingizia kuwahi ndege, jibu umeshalipata.

Nachomelea kwa TIG (kuchomelea kwa umeme na gesi, kwa kijiti cha tungsteni). Tungsteni yenye ncha nyekundu ina mionzi, niitupe? (Fundi, Mombasa)

Ina thoriamu kama asilimia 2, na mionzi yake ni hafifu. Kuishika si tatizo. Tatizo ni vumbi unalovuta unapoinoa kwenye grainda. Vaa barakoa ya vumbi, si leso. Zikiisha, nunua zenye lanthanamu au seriamu, ambazo hazina shida hiyo. Na unoe kwa kufuata urefu wake. Ukinoa kwa kuzungusha, moto hutangatanga.

Tunachimba mawe meusi mazito. Nitajuaje kama ni wolframiti au kasiteriti? (Mchimbaji, Kivu Kusini)

Wolframiti ni mawe ya tungsteni, kasiteriti ni ya bati. Yote mawili hubaki chini ya beseni wakati wa kuosha, ndiyo maana huchanganywa. Yasugue kwenye kaure nyeupe isiyong'arishwa. Kasiteriti huacha mchirizi mweupe au wa kijivu hafifu; wolframiti huacha wa kahawia iliyokoza hadi mweusi, na ikivunjwa hutoa bapa zinazong'aa. Koltani, mawe ya tantalamu, nayo huchora mchirizi wa giza, kwa hiyo kabla ya kupatana bei peleka sampuli maabara.

Lingine: tangu sheria ya Marekani ya 2010, kampuni za huko zenye hisa sokoni hutakiwa kueleza kama tungsteni yao imetoka Kongo au nchi jirani. Gunia lisilo na lebo ya asili husumbua kuuzika, na anayebanwa bei ni wewe. Jirani zenu Rwanda wana mgodi mkubwa wa Nyakabingo, wilayani Rulindo, lakini soko lote huitazama China, inayochimba karibu asilimia 80 ya tungsteni ya dunia. Ilipoanza kudai vibali vya kuiuza nje, Februari 2025, bei ilipanda.

Pete ya tungsteni imenasa, kidole kimevimba. (Msomaji, Muscat)

Nenda hospitali sasa hivi. Kikata pete cha kawaida hakiiwezi, ila kwa kuwa ni kabidi, hupasuka: wahudumu huibana kidogo kidogo kwa koleo la kujifunga mpaka ivunjike. Nyundo iache nyumbani.