Barafu, aspirini na kope zilizoshonwa

SWALI: Shikamoo daktari. Mamangu ana miaka 63. Ngozi ya kope za juu imemwangukia hadi ainue kidevu ndipo aone mbele. Atapasuliwa wiki ijayo. Jirani asema aache aspirini leo leo, na akitoka aweke barafu mchana kutwa asivimbe. Nimsikize?
Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba. Kwa aspirini, la. Ni kweli huzidisha kuvuja damu, na nguvu yake hukaa mwilini siku 7 hadi 10. Lakini kama aliandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi, kuikata ghafla kuna hatari kubwa kuliko jicho lililovilia damu. Aliyemwandikia na atakayempasua ndio wa kukubaliana. Watajieni pia tembe za kitunguu saumu na mafuta ya samaki. Watu husahau kuzitaja kwa kuwa hawazihesabu kuwa dawa.

Barafu imefanyiwa utafiti Uholanzi, matokeo yakachapishwa 2015. Watu waliopasuliwa kope zote mbili walipozwa jicho moja, la pili likaachwa. Njia hii twaiamini, maana ngozi, umri na presha ni za mtu yuleyule. Kesho yake jicho lililopozwa liliuma kidogo kuliko mwenziwe, ila uvimbe na damu kuvilia havikutofautiana. Basi mwekeeni kwa ajili ya maumivu: dakika 10 hadi 15 kila saa akiwa macho, siku 2 za kwanza. Barafu iwe ndani ya mfuko usiovuja, juu yake kitambaa safi. Isiguse ngozi, kwani ganzi ikiwa bado ipo hatahisi baridi ikimuunguza.

Alale kichwa kimeinuka, mito 2 au 3. Asinyanyue ndoo. Rukuu na sujudu husukuma damu usoni, kwa hiyo wiki ya kwanza aswali ameketi, aashirie kwa kichwa kidogo tu. Nyuzi nyingi hutolewa siku ya 5 hadi ya 7. Wanja usubiri ruhusa ya daktari, na ule wa kienyeji bora auache kabisa: mwingi una madini ya risasi.

Jambo moja halingoji asubuhi. Jicho likianza kutuna kwa nje, likauma sana au likafifia, hasa saa 24 za kwanza, huenda damu inajaa nyuma yake na kuubana mshipa wa kuona. Daktari hufungua nyuzi papo hapo. Baada ya saa moja na nusu au mbili hivi, uoni waweza kupotea moja kwa moja. Ndiyo maana usiku wa kwanza twapendelea alale kwa jamaa kisiwani Mombasa, karibu na hospitali, badala ya kungoja feri.

SWALI: Nina siku 12 tangu nipasuliwe. Kope moja iko juu kuliko nyingine. Niombe nikatwe tena?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Mapema mno. Uvimbe haushuki sawasawa pande zote. Wapasuaji wengi hungoja miezi 2 au 3 kabla ya kuamua. Na ngozi si ya kukatwa ovyo: kati ya nyusi na ukingo wa kope huachwa kama milimita 20, ikipungua jicho halifumbi. Mwombe mtu akuangalie ukilala. Likibaki wazi, rudi kliniki wiki hii upewe mafuta ya macho ya usiku, kioo cha jicho kisikauke.